Maharage Yaliyokuwa na Majivu

Mmenichosha. Kila anayekula kwa Ilyasi, akimaliza sahani yake, anavuka njia anakuja kusimama mlangoni pangu: bibi, hebu tuambie ile ya maharage ya Mukandekezi. Mimi si redio. Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia mtu anakwenda kuiharibu huko mbele. Mmoja anasema mwanamke yule alirogwa. Mwingine anasema alipandisha mashetani jikoni akakataa kuwasha moto. Basi naandika, tumalize. Shule niliiacha mapema, herufi zangu zinalala upande, na Yasmina, binti wa Ilyasi, amejitolea kuzinyoosha. Nimemkatalia. Zisomeni zilivyolala.

Mukandekezi ndiye aliyekuwa akipika maharage kwa Ilyasi, hapa Biryogo, Kigali, na bado anapika. Mama Kaze, ndivyo tunavyomwita, kwa jina la binti yake. Mwanamke mrefu, shingo imenyooka, hazungumzi na mtu mpaka sufuria lake lichemke. Anakaa Niboye, mtaa wa mbali na hapa, na kila siku anafika kwetu jua likiwa bado halijagusa mabati. Yeye ni Mkatoliki, rozari iko mfukoni mwa aproni yake, na mwezi wa Ramadhani anawapikia Waislamu futari nzuri kuliko wake zao. Nimesema, na wake zao wakasirike wakitaka.

Kwao ni Ndego, mashariki huko, unapita Kayonza unaendelea mpaka vilima vinaisha. Nchi ya tambarare, ya jua. Huko alimwacha mama yake, Daphrose, bibi kizee ambaye macho yamekwisha kabisa, na mdogo wake wa kiume, Habiyaremye, ambaye ndiye mwenye jembe sasa.

Kwanza sikilizeni jambo la mbegu, maana nyinyi watu wa mjini mnadhani maharage ni maharage tu. Kwa kina Mukandekezi mbegu ni mchanganyiko. Kuna mekundu ya damu, kuna ya manjano, kuna meupe yenye madoa kama yai la kanga, kuna ya zambarau ya mviringo, na kuna jeusi dogo lenye mshipi mweupe kiunoni. Mengine yanataka mvua nyingi, mengine yanavumilia jua. Yanapandwa yote pamoja, shamba moja, mvua ichague itakayoyalea. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, na mwanamke wa kule akitia mkono katika mbegu ya mama yake anaijua kama anavyojua sauti ya mama yake.

Lile jeusi lilikuwa la nyanya yake Daphrose. Lenyewe halizai sana, lakini mwaka ambao mengine yote yanakauka, jeusi linabaki limesimama. Kwao halijawahi kuliwa. Wakati wa kupukuchua, watoto walikuwa wanaambiwa wayaokote meusi yote, hata lililoingia katika ufa wa sakafu, yarudi kwenye chungu. Chungu kinatiwa majivu na pilipili kavu iliyotwangwa, wadudu wasiingie, kisha kinazibwa kwa udongo. Mwenye kukifungua ni Daphrose peke yake, mvua ya kwanza ikinyesha. Na akimpa mtu mbegu, mtu huyo hashukuru. Anapokea kwa mikono miwili, ananyamaza, anaondoka. Akivuna atarudisha mara mbili, na hiyo ndiyo shukrani. Ukishukuru siku ya kupokea, kwao wanasema umeiua mbegu.

Mukandekezi alitusimulia haya yote miaka mingi iliyopita, tukicheka. Hatukujua yatatufikia.

Mwaka jana wafanyabiashara wa soko la Nyabugogo walianza kulia. Mvua za mashariki, walisema, zilikuja zikachungulia zikaondoka, msimu wa kwanza, na msimu wa pili vilevile. Maharage yanayoletwa ni madogo, yamekunjamana kama masikio ya mzee. Mukandekezi aliwasikiliza akiwa amenyoosha shingo yake. Kwao, alisema, ni salama. Kila Jumapili baada ya misa alimpigia simu Habiyaremye, na kila Jumapili aliambiwa, dada, yameota. Dada, yametoa maua. Dada, tunavuna kidogo kidogo, hatujambo. Akija kazini Jumatatu anatuambia, na mimi nikasema moyoni, wenzetu Mungu amewapendelea.

Halafu ikaja siku ya majivu. Ilikuwa kiangazi kimeanza, mwezi wa sita, vumbi la njia yetu limefika magotini. Wateja wa mchana wamekaa, sahani zimegawiwa, na Usumani, fundi cherehani ambaye hana siku anayokula akanyamaza, aliweka kijiko chini.

"Mama Kaze," alisema, "leo chumvi imekwisha ukatia jivu la meko?"

Watu walicheka. Mukandekezi alimwambia ulimi wake umezoea kulowesha nyuzi, hauwezi kujua chakula. Lakini alichukua kijiko akaonja, na akaonja tena. Kulikuwa na majivu. Kidogo, huko nyuma kabisa ya ladha, na pilipili ambayo hakuitia yeye.

Jioni alimuuliza Ilyasi gunia hilo kalitoa wapi. Ilyasi akasema Nyabugogo, kwani lini amewahi kununua mahali pengine. Ila siku hizi, alisema, gunia si la shamba moja tena. Wachuuzi wanazunguka mashariki nyumba kwa nyumba, hapa wanapata ndoo, pale wanapata kikapu, wanamimina moja juu ya jingine mpaka gunia lijae. Ukilifungua unakuta tabaka tabaka. Tabaka lile walikuwa wamelila kwa siku mbili, na mke wa Ilyasi, ambaye ndiye huchambua na kuloweka jioni, alikwisha kuloweka lililobaki.

Mukandekezi alirudi Niboye akiwa amechukia. Mpishi akiambiwa ametia jivu halali vizuri. Asubuhi yake alikuja mapema kuliko kawaida, watu walikuwa hawajatoka msikitini, akaliburuta beseni la maharage mpaka mlangoni penye mwanga, ili aone mwenyewe ni uchafu gani ule.

Mimi nilikuwa nafagia kizingiti changu. Nilimwona ameinama, nikamwona ametia mkono majini, kisha mkono ukabaki humo. Nilidhani ameng'atwa na kitu.

Maji yalikuwa ya kijivu. Ndani yake maharage yalikuwa yameshavimba, yanang'aa: mekundu ya damu, ya manjano, yenye madoa ya yai la kanga, ya zambarau ya mviringo. Aliyachota kiganjani akayamwaga, akayachota akayamwaga. Alijiambia maharage yanafanana. Alijiambia wako watu wengi Ndego. Lakini mkono wake ulikuwa umeshajua kabla yake. Ulijua kiasi, kwamba mekundu ni mengi kuliko ya manjano, na yenye madoa ni machache, kama mama yake alivyopenda. Akaanza kutafuta jeusi. Alikoroga beseni lote kwa vidole, akipiga magoti kwenye vumbi, mpaka chini kabisa akalipata. Moja. Dogo, limevimba, mshipi wake mweupe umekaa kiunoni.

Alikaa chini kama mtu aliyesukumwa. Mengine yote, alielewa hapo, aliyapika yeye. Aliyatia vitunguu. Aliyagawa kwa kijiko kikubwa, akampa Usumani, akanipa mimi, akala naye sahani yake ya mchana, amesimama, kama alavyo siku zote.

Ilyasi alipotoka msikitini alimkuta hapo, meko ni baridi.

"Mama Kaze, watu watakuja kula."

"Watakula wali."

"Wali na nini?"

"Na mate yao, Baba Yasmina. Haya hayaguswi. Hii ni mbegu ya mama yangu."

Ilyasi ni mtu mpole, alidhani ana homa. Alimwambia maharage ni ya gunia, gunia ni la Nyabugogo, mama yake yuko Ndego. Mukandekezi alikausha mkono kwenye aproni, akatoa simu, akampigia mdogo wake. Aliweka sauti ya juu ili Ilyasi asikie mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshavuka njia, ndiyo maana sisi tulisikia.

Habiyaremye alipokea akashangaa, maana haikuwa Jumapili. Akasema hawajambo. Mama yuko, amekaa juani. Mvua je? Mvua, akasema, zilikuwa za wastani. Na mbegu iko? Mbegu iko, dada, iko kwenye chungu, mama anakitikisa kila jioni anasikiliza, unamjua.

"Nenda ukichukue," alisema Mukandekezi. "Kitikise karibu na simu. Nataka kusikia na mimi."

Habiyaremye akasema mkono una matope. Dada yake akamwambia matope ya wapi, kiangazi hiki. Tukasikia hatua, tukasikia mlango, halafu tukasikia chungu. Kilitoa mlio. Mimi nilishusha pumzi, nikasema basi, alhamdulillahi, mbegu iko, huyu mwanamke amefananisha tu.

Lakini Mukandekezi alikuwa amefumba macho. Maharage makavu yakitikiswa katika chungu yanatoa mlio mnene, kama mvua ya mbali. Huu ulikuwa mwembamba, unakwaruza.

"Hizo ni kokoto," alisema.

Huko Ndego mlio ulikoma. Ilyasi alinitazama, mimi nikamtazama Ilyasi. Nimeishi sana, nimeona mengi ambayo siyaandiki hapa, lakini sijawahi kusikia mtu amejaza mawe ndani ya chungu ili mama yake kipofu ayasikilize kila jioni na kulala kwa amani.

Ndipo Habiyaremye akasema yote, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko kuogopa. Msimu wa kwanza maharage yalitoa maua, kweli hakudanganya, kisha maua yakaanguka yote kwa siku moja, hata ya jeusi, shamba likawa jeupe chini na kavu juu. Msimu wa pili alipanda nusu ya mbegu. Mahindi yalifika magotini yakajikunja majani, mtama ukatoa masuke matupu. Majirani walianza kuondoka, nyumba moja moja, wengine Nyagatare, wengine Uganda, milango wamefunga kwa kamba. Mbuzi walikwisha. Watoto walikuwa wanalala mchana ili wasisikie njaa. Mchuuzi alikuja na pikipiki, akauliza kuna chochote. Alimpa nusu iliyobaki, akapata unga. Na jioni ile ile mama alinyoosha mikono akaomba chungu chake.

"Ningefanya nini, dada?"

Mukandekezi alikuwa amejaa sumu. Alimwambia mwanamume anayeuza mbegu ya mama yake hana tofauti na mwizi wa makaburini. Alimwambia ungekufa kwanza, ukaiacha. Akakata simu, na akaapa mbele yetu hatasema naye tena.

Sasa fikirini. Mbegu ile ilikuwa imelowa usiku mzima. Harage lililolowa halirudi kuwa kavu: ama unalipika leo ama unalitia udongoni leo. Na mama yake angekifungua chungu kile mvua za mwezi wa tisa zikianza, aingize mkono, akutane na mawe. Hilo tu ndilo lilikuwa kichwani mwa Mukandekezi, mkono wa mama yake na mawe. Kulikuwa na kiangazi kizima katikati. Maharage yao yanataka muda kama huo huo, tangu kupandwa mpaka kukauka katika maganda.

Alisimama akachukua kopo la mafuta lililokatwa, akalijaza udongo wa pembeni mwa mtaro. Akatia maharage kwa kidole. Akachukua jingine. Ilyasi alisimama akimtazama, wateja wake wanaanza kufika, kisha akavua kofia akaiweka juu ya kaunta, akaenda kutafuta makopo.

Siku ile wateja walikula wali mtupu, na kwa kuwa hawakuwa na maharage walikuwa na maneno. Wakasikia habari. Vijiko vilisimama. Kuna mtu alitoka nje akatapika, simtaji, ni fundi, anapenda kuongea. Na huyo huyo, Usumani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mikono miwili mbele ya beseni. Alifungua mdomo kusema asante.

"Nyamaza," Mukandekezi alimwambia. "Chukua, nenda."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Usumani kunyamaza tangu nimjue.

Mpaka alasiri beseni lilikuwa tupu. Kila mlango wa njia yetu ulikuwa na kopo, ndoo iliyopasuka, gurudumu bovu, gunia la saruji, hata sufuria la bibi mmoja lisilo na mkono. Sufuria hilo ni langu. Mukandekezi alijiwekea lile jeusi moja tu. Alilifunga katika kitambaa chenye maji, akaenda nalo Niboye, akalipanda mlangoni pake katika kopo la maziwa ya unga, mbali na watoto na mbuzi wetu, ambao hakuwaamini.

Maji ya bomba kiangazi yanakuja kwa zamu, mnajua. Kwa hiyo tulimwagilia kwa tulichokuwa nacho. Maji ya kuoshea mchele. Maji ya suuzo la mwisho la vyombo. Na msikitini walituwekea ndoo chini ya bomba la kutawadhia, maji yaliyopita juu ya mikono na miguu ya waumini yakashuka kwenye mbegu ya Mkatoliki wa Ndego, na imamu alisema hakuna ubaya, maji ni safi na mmea hauna dini. Maharage yaliota. Usumani aliyafungia nyuzi za cherehani ili yapande, nyuzi za kila rangi, kutoka kwenye makopo mpaka kwenye ukingo wa bati, njia yetu ikawa kama mtu anashona nyumba zisianguke. Wageni walikuja kupiga picha. Mukandekezi aliwafukuza kwa mwiko.

Yeye furaha yake ilikuwa Niboye. Lile jeusi lilitoka, likatoa majani, likapanda kijiti, na mwezi wa nane likatoa ua. Alituambia rangi yake, nyeupe na zambarau pembeni. Alituambia asubuhi mbili mfululizo, yeye ambaye haongei kabla ya sufuria kuchemka. Akasema ukipata hata ganda moja kwenye mche, chungu kina jeusi tena.

Kisha maji ya Niboye yakakatika. Siku ya kwanza alimwagilia alichobakisha kwenye dumu. Siku zilizofuata dumu lilikuwa la kunywa, yeye na Kaze. Alikuwa akilitazama kopo asubuhi akitoka na jioni akirudi, majani yanalegea, anasema kesho maji yatakuja. Alifikiria kubeba maji kutoka Biryogo, akaona aibu kuomba ya msikitini tena. Siku aliyoamua kuyabeba alifika jioni na chupa mkononi, akakuta mche umelala juu ya ukingo wa kopo, umekauka kama uzi ulioungua. Ua lilikuwa chini. Alimwaga chupa nzima juu yake hata hivyo, udongo ukanywa, na hakuna kilichoinuka.

Alikaa hapo kizingitini, chupa tupu mapajani. Mche mmoja. Mlangoni pake, mjini, penye bomba ukutani. Mche mmoja umemshinda, naye alimwambia mwenye shamba zima angekufa kwanza.

Alitoa simu akampigia Habiyaremye. Akamwambia tu, "Na mimi limenifia."

Habiyaremye hakuuliza ni nini. "Liliangusha ua?" aliuliza.

"Liliangusha."

"Ndivyo yanavyofanya," alisema. Walikaa kwenye simu hivyo, wakisikilizana wakipumua, mpaka salio likaisha.

Mwezi wa tisa ulipoingia maganda yetu yalikuwa yamekauka juu ya mabati. Kila mlango ulirudisha. Kuna waliorudisha konzi, kuna waliorudisha kikombe, na kuna mmoja ambaye mbuzi wake alikula yote akaja kulia, tukamsamehe mbuzi. Usumani alirudisha zaidi ya watu wote na akasimama pale akingoja ashukuriwe. Hakushukuriwa. Mukandekezi aliyapaka majivu ya meko ya Ilyasi na pilipili, akayafunga katika kitenge, akapanda gari stendi ya Nyabugogo na mzigo wake mapajani. Kondakta alitaka auweke juu na masanduku. Alimtazama tu, kondakta akaachana naye.

Njiani, baada ya Kayonza, alitazama dirishani akaona kwa macho yake yale aliyoambiwa kwa simu. Mashina ya mahindi yamesimama kama vijiti vya ufagio, mtu hakujisumbua hata kuyang'oa. Milango yenye kamba. Ng'ombe mmoja ameinamisha kichwa mahali palipokuwa bwawa. Alikuwa amezaliwa hapo, na alilazimika kumuuliza jirani yake wa kiti kama hii ndiyo njia.

Habiyaremye alimpokea barabarani. Alikuwa amekonda mpaka mkanda wa suruali umemzunguka karibu mara mbili. Walikuwa wamepanga kwamba mama akienda kuoga wamwage kokoto, wajaze mbegu, wazibe udongo, asijue. Lakini mawingu yalikuwa yamekusanyika tangu asubuhi, na mama mtu alikuwa ameyasikia kwa ngozi yake. Walipofika uani, matone ya kwanza yalikuwa yanapiga vumbi, na Daphrose alikuwa ameshakaa juu ya mkeka, chini ya ukingo wa bati, chungu katikati ya miguu yake, anavunja udongo wa mdomoni kwa kidole gumba.

Aliingiza mkono. Alitoa kokoto moja akaiweka juu ya mkeka. Akatoa nyingine. Hakushtuka. Alizitoa taratibu, mpaka chungu kikaisha, na Habiyaremye amesimama mvuani, uso ameufunika kwa viganja.

"Habiyaremye," alisema mama yake, "mawe yako yarudishe njiani, kwa mvua hii patateleza. Uzito wa mbegu yangu naujua. Nilikuwa nangoja kuona utaubeba mwenyewe mpaka lini." Kisha akageuza uso upande ambao binti yake amesimama. "Na wewe umekuja na nini? Unanuka pilipili."

Mukandekezi alifungua kitenge mbele yake. Bibi kizee alitia mikono yote miwili. Alianza kuyapitisha kati ya vidole, moja moja, akiyataja kwa kunong'ona, mekundu, ya manjano, yenye madoa kwa ubapa wake, ya zambarau kwa mviringo wake. Mvua ilikuwa inazidi juu ya bati. Alipitisha yote, akarudia tangu mwanzo, na mikono ikaanza kwenda haraka, inatafuta, inachimba, mpaka ikafika kwenye kitambaa.

"La nyanya yangu liko wapi?"

"Liliuzwa na mengine, mama. Likaja Kigali." Mukandekezi alipiga magoti. "Nimelipika mimi. Sikujua. Tumelila."

Mbegu ile imepita vita na njaa na kuhama, imefungwa katika pembe za nguo za wanawake wanaokimbia, na hakuna hata mmoja wa ukoo ule aliyewahi kulitia jeusi mdomoni.

"Lilikuwa tamu?" mama yake aliuliza.

Mukandekezi alidhani anamkemea. Mama yake akauliza tena, kwa sababu alitaka kujua kweli.

"Walilalamika kuwa lina majivu, mama."

"Basi hukuliosha vizuri," alisema Daphrose, na machozi yalikuwa yanashuka kwenye macho yale yasiyoona. Alijifuta kwa mgongo wa mkono, akachota mbegu, akanyoosha konzi kwa mwanawe. "Chukua. Nenda kapande kabla mvua haijabadili mawazo."

Habiyaremye alipokea kwa mikono miwili, hakusema kitu, akaenda.

Mukandekezi alirudi kwetu baada ya siku chache, anapika. Siku hizi anachambua maharage mwenyewe, hata mke wa Ilyasi hamruhusu. Sababu ya mimi kuketi hapa na kalamu ni kwamba gunia lile la Nyabugogo halikuwa moja. Mchuuzi wa pikipiki alimimina ndoo ya Habiyaremye katika magunia aliyokuwa nayo, na magunia yalitawanyika katika jiji hili. Mengine yako nyumbani kwako. Daphrose amesema atafungua chungu tena mvua za mwezi wa pili zikija, na anataka kulisikia jeusi kwa vidole vyake kabla hajafa.

Kwa hiyo wewe, uliyesoma mpaka hapa bila kunilipa hata kikombe cha chai, inuka. Maharage yako ya leo usiyaloweke kwanza. Yamwage kwenye ungo, yatoe mahali penye jua, yatazame. Ukiona jeusi dogo lenye mshipi mweupe kiunoni, hata likiwa moja, usilioshe, usilipike. Lilete Biryogo kwa Ilyasi, uliza Mama Kaze. Na usingoje mtu akuambie asante.